Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2020

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, nayo hayafurahishi. Mimi nitasema jinsi tulivyowapokea wateja madukani mwetu tangu Machi 11, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotamka kuwa korona ni janga.

Tulianza vibaya. Tuliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, tukachora alama za mita 1 sakafuni, tukadhani tumemaliza. Aliyekuja bila barakoa tulimfokea mbele ya foleni nzima. Tulisahau kwamba hata WHO wenyewe walisubiri hadi Juni 5 ndipo wakashauri raia wavae barakoa za kitambaa pale ambapo kukaa mbali hakuwezekani. Mteja angejuaje mapema kuliko wao?

Nami simo nje ya lawama hiyo. Nilimpandishia sauti mzee mmoja nikidhani ananipuuza, kumbe hasikii, na barakoa yangu ilikuwa imeficha midomo ambayo kwake ndiyo masikio. Muuzaji wangu, kijana mdogo tu, alichukua karatasi akamwandikia. Mzee akasoma, akaandika jibu, wakaelewana mara moja. Nilimwomba radhi kwa maandishi, na mwandiko wangu mnaujua. Siku hizi karatasi haikosekani kaunta, na kalamu hupanguswa kila ikitumika. Nimefurahi kuona wengi wenu mmeiga.

Mwanachama mwingine aliweka barakoa safi mlangoni. Asiye nayo alipewa kimyakimya. Yuko pia aliyewapigia simu wateja wake wazee kuwajulia hali, wala hakutaja bidhaa mpaka walipouliza wenyewe. Aliyewapelekea mizigo alibisha hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja mlango ufunguliwe ndipo aondoke. Kungoja huko kulikuwa kwa dakika 1 au 2 tu, lakini ndiko wateja wanakokutaja hadi leo.

Saa ya asubuhi tuliyowatengea wateja wazee peke yao ilisaidia, ingawa kuna wanachama waliowaingiza marafiki zao kupitia hapohapo. Wachache walipandisha bei ya vitakasa mikono. Kamati iliwaita na ikasema nao. Sitawataja, wanajijua.

Kamati inapendekeza mambo mawili yaendelee hata ugonjwa ukiisha: karatasi na kalamu kwenye kila kaunta, na saa ya wazee ikiwa na msimamizi wa mlango. Mtayapigia kura baada ya taarifa ya mweka hazina.