"Mfumo umekataa" si jibu la kumpa mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji nieleze jambo ambalo sisi wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, tunalizungumza sana siku hizi, nalo ni namna wakopeshaji wanavyoiachia akili mnemba iamue nani akopeshwe na nani anyimwe, kisha asipatikane mtu wa kuulizwa.

Mimi hununua dagaa wakavu wanaoletwa kwa boti kutoka Ukerewe na visiwa vingine, nikawafunga kwenye magunia na kuwauzia wateja wa mikoani na wa nchi jirani. Ni mweka hazina pia wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka huu, giza moja (ndivyo tunavyoziita siku zisizo na mbalamwezi, ambazo dagaa huvuliwa) lilipokuwa linaanza, niliomba kwa simu mkopo wa shilingi 800,000 kwa kampuni ambayo nilikwisha kukopa kwake mara tatu, na mara zote tatu nilirejesha kabla ya siku. Jibu la kukataliwa lilikuja hata dakika haijaisha. Nilikwenda ofisini kwao. Kijana aliyenipokea alinipa kiti, akafungua kompyuta, akasoma, akaniambia kwa heshima, "Mama, mfumo umekataa." Nilipomuuliza umekataa kwa sababu gani, alinijibu kwa ukweli kwamba hajui, na kwamba hata meneja wake hawezi kuiona sababu wala kulibadilisha jibu. Simlaumu kijana yule. Ninaowalaumu ni waliomweka pale akabiliane na wateja bila kumpa la kuwaambia.

Mifumo ya namna hii humpima mtu kwa alama anazoacha kwenye simu yake: fedha zinazoingia na kutoka, salio linalobaki, vocha anazonunua. Sasa tazama maisha yetu yanavyokwenda. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale tu usiku unapokuwa mweusi; mbalamwezi ikishatawala, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, wavuvi wakapandisha mitumbwi ufukweni na kushona nyavu. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo simu yangu haipokei hata shilingi, na zipo siku ambazo milioni hupita humo kwa saa chache. Mvua za masika nazo zikizidi, dagaa hawakauki, wengine huoza mchangani, na mapato hushuka tena. Mtu aliyekulia kando ya ziwa hahitaji kuelezwa haya. Lakini mfumo uliozoeshwa kumwamini anayelipwa mshahara kila mwisho wa mwezi unaweza kuyaona yote hayo kuwa dalili za biashara inayokufa. Siwezi kuthibitisha kwamba hicho ndicho kilichoniangusha, na hapo hasa ndipo palipo na lalamiko langu: nimehukumiwa bila kusomewa shitaka.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta haina upendeleo. Kompyuta hujifunza kutokana na kumbukumbu ilizopewa, na upendeleo uliomo katika kumbukumbu hizo huingia nao. Kampuni ya Amazon ya Marekani iliwahi kutengeneza programu ya kuchuja waombaji wa kazi, ikaifundisha kwa wasifu wa waombaji wa miaka 10, ambao wengi wao walikuwa wanaume. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba programu hiyo ilikuwa inawapunguzia alama waombaji ambao wasifu wao ulitaja neno la kuashiria wanawake, na kwamba kampuni ilikuwa imeiacha. Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo. Huku kwetu wanaoanika dagaa kwa sehemu kubwa ni wanawake, na nyumba au kiwanja kinachoweza kuwekwa dhamana mara nyingi kimeandikwa jina la mume. Mfumo utakaofundishwa kwa daftari za mikopo ya zamani utajifunza nini kuhusu wanawake hao?

Sitetei enzi zilizopita. Ninawakumbuka maofisa wa mikopo waliotaka kitu kidogo kabla ya kusaini fomu, na wapo wanawake walioombwa mambo mabaya zaidi ya fedha. Mashine haiombi rushwa, na hilo ni jema ambalo sitaki lipotee. Lakini yule ofisa, pamoja na ubaya wake wote, alikuwa na jina na bosi, na mtu jasiri aliweza kumshitaki.

Kisa cha shirika la ndege la Air Canada kinafaa kukumbukwa hapa. Programu ya kujibu wateja kwenye tovuti yao ilimpa abiria aliyefiwa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba, yaani nauli nafuu kwa waliofiwa. Alipodai haki yake, kampuni ikajitetea kwa hoja kwamba programu ile ilibeba yenyewe dhamana ya maneno yake. Mwezi Februari 2024 baraza la kuamua madai la jimbo la British Columbia liliikataa hoja hiyo na kuiamuru kampuni imlipe. Nadhani muuza duka yeyote wa Kirumba angeamua vivyo hivyo, kwa kuwa anajua kwamba kijana wake akimpunja mteja kwenye mizani, mwenye duka ndiye anayerudisha.

Nchi yetu haiko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtambulia mtu haki kuhusu maamuzi makubwa juu yake yanayofanywa na mitambo peke yake. Benki Kuu nayo, mwezi Novemba 2024, ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, baada ya wananchi kulia kwa muda mrefu juu ya mikopo ya kausha damu na ujumbe wa kuwaaibisha wadaiwa kwa ndugu na marafiki. Hatua ile ilistahili pongezi. Iliwagusa, hata hivyo, wasio na kibali, na aliyeninyima mimi anacho.

Ninaiomba Benki Kuu pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ziwatake wakopeshaji wote wampe mteja aliyekataliwa sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na katika kila tawi awepo mtu mwenye mamlaka ya kulitazama upya jibu la mfumo na kulibadilisha. Wasijitetee kwa kusema kwamba mteja alibonyeza "nakubali", maana anayetafuta fedha ya kununulia mzigo ambao boti imekwisha kuushusha hana muda wa kusoma masharti ya kurasa nyingi. Na wanaotengeneza mifumo hiyo waje Mwaloni alfajiri, wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi, waone mapato yetu yanavyopanda na kushuka kabla ya kuamua nani anaaminika.

Giza lingine linaanza wiki ijayo. Nitaomba mkopo uleule kwa kampuni ileile, na nikikataliwa nitapeleka barua ya kudai sababu kwa maandishi. Wenzangu 14 wa kikundi wamekubali kufanya hivyo hivyo.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.