Mwacheni Cheruiyot huko juu

Mhariri,

Juzi kwa matatu nilikuwa nimekaa nyuma ya jamaa wawili wanabishana juu ya Cheruiyot Kirui, yule Mkenya wa benki aliyefia Everest Mei 2024 akijaribu kufika kileleni bila oksijeni ya mtungi. Mmoja anasema ati familia ilimtupa, ati mtu hawezi kuachwa kwa barafu kama mzigo uliosahaulika steji, si mchango ungefanywa aletwe nyumbani azikwe kama watu. Nilitaka kuingilia lakini nikafika ninaposhukia, ndio nikaona niwaandikie nyinyi.

Mimi ni Mluhya na huo uchungu naujua. Kwetu mtu akipotea mwili usionekane, wazee wanakata mgomba wanauzika, kaburi linachimbwa kabisa na watu wanalia, kwa hivyo sitaki kuambiwa ati sijui maana ya kuzika. Lakini wale jamaa walikuwa wanaongea ni kama Everest ni mochari ya kaunti, unalipa bili unapewa mtu wako unaenda.

Kirui alipatikana mita chache tu chini ya kilele, na kilele chenyewe kiko mita 8,849. Hapo oksijeni ni kama theluthi ya ile iliyoko usawa wa bahari, mtu mzima mwenye afya anatembea hatua mbili anasimama kuhema, na helikopta kwa kawaida inaishia kambi ya pili, mita 6,400 hivi. Yaani kutoka kule juu mpaka hapo ni mabega ya watu tu. Maiti iliyoganda na nguo na barafu yake inaweza kupita kilo 100, haikunjiki, inakwama kwa kila jiwe, inataka Masherpa, wale wenyeji wa Nepal wanaobeba na kuongoza watu mlimani, sita, nane, hata zaidi, na dola makumi ya maelfu. Pesa sawa, tungechanga, Wakenya kwa mchango hatujambo. Shida ni hao wabebaji nao wana mama zao.

Na si hadithi za kutishana. Mwaka 1979 Mjerumani Hannelore Schmatz alifia huko akishuka kutoka kileleni. Mwaka 1984 inspekta wa polisi wa Nepal, Yogendra Bahadur Thapa, akapanda na Ang Dorje Sherpa kwenda kumtoa, wakaanguka wote wawili wakafa, na yule mama hata hakutolewa. Familia ya Kirui ilisema haitaki kuhatarisha maisha ya mtu mwingine, kwa hivyo abaki kwenye mlima. Kwangu mimi huko si kumtupa, ni moyo ambao sijui kama ningeuweza angekuwa ndugu yangu.

Sasa kuna kitu kimoja ninakubaliana na yule jamaa. Kuachwa isiwe kugeuzwa kibao cha barabara. Upande wa kaskazini kuna marehemu wamembatiza Green Boots kwa sababu ya viatu vyake vya kijani, anaaminika kuwa Mhindi aliyekufa 1996, na miaka mingi wapandaji walikuwa wanapimia njia kwake vile sisi tunasema shuka pale kwa mbuyu. Hiyo ni aibu bwana. Mpandaji Ian Woodall yeye alirudi 2007 kwa ajili ya Francys Arsentiev, Mmarekani ambaye alilazimika kumwacha akifa 1998, akamfunika bendera ya kwao akamteremsha mahali watu hawapiti. Hilo linatosha, na anayepanda aandike mwenyewe kabla hajaondoka anataka afanyiwe nini, asiwaachie mama na mke kuamua na simu za waandishi zinalia.

Lakini kilichonikera zaidi kwa ile matatu ni kwamba kutoka mjini mpaka nashuka hakuna aliyemtaja Nawang Sherpa. Ndiye alikuwa na Kirui kule juu kama kiongozi wake, alikuwa kazini, na alipotea siku hiyohiyo. Yeye hakuna aliyeuliza ataletwa lini wala kwao walizika nini. Mkichapisha hii barua, nafasi ikiwa ndogo kateni popote mnapotaka, ila hapo kwa Nawang msikate.

Msomaji wenu,
Kakamega