Mkeka aliouacha Bi Mkubwa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Tumefurahi kusikia mkeka umefika Muscat salama, na kwamba unataka kuumaliza kwa mkono wako badala ya kumtafuta fundi. Basi nakuandikia bibi yako, Bi Mkubwa, alivyokuwa akifanya, Mwenyezi Mungu amrehemu, maana wake haushonwi kama mkeka wa sokoni.

Kwanza hesabu. Ule ni mkeka wa kitanda, vipande 14 vya ukili, yaani utepe uliosukwa kwa ukindu, kila kimoja pima moja kwa urefu (mikono miwili iliyonyooshwa) na wanda nne kwa upana, yaani vidole vinne. Tisa vimeshashonwa. Ule mviringo uliofungwa kwa kamba ndani ya pakacha una pima tano na ziada kidogo, kwa hiyo unatosha. Lakini usiupime kwa mikono yako! Pima ya Bi Mkubwa ilikuwa fupi, mwenyewe akilijua hilo, na wanunuzi wake wakimtania. Chukua kipande cha tisa, ulaze ukili mpya ubavuni mwake, uzidishe wanda mbili kila upande za kupinda, ndipo ukate. Kabla ya kukata funga uzi pande zote mbili za alama, la sivyo ukili utafumuka mkononi.

Ukindu wote alikata mwenyewe alipokuwa na nguvu: makuti machanga ya mkindu ambayo hayajafunguka, moja kwa kila mti, asiuue. Aliuanika juani mpaka ukawa mweupe, na kila magharibi aliuingiza ndani, hata kama mgeni yuko barazani, kwa sababu umande ukiupata hutoka madoa meusi yasiyoondoka. Nyeusi ya mkeka wako ni mizizi ya mdaa iliyochemshwa, manjano ni manjano hayo hayo ya jikoni. Nyekundu ni rangi ya unga ya dukani. Usimfanye mtu wa mambo ya kale tu, kilichompendeza alikitumia. Ila manjano hufifia, kwa hiyo usiutandike mkeka karibu na dirisha.

Sasa kazi yenyewe. Ukili umekauka sana huko kwenu. Futa kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, uviringe, uuache robo saa. Usiuloweke. Ukindu ukilowa huvimba, ukiushona hivyo utakaponyauka utaacha mianya kwenye mshono, na mkeka utapinda kama kuti. Uzi wa kushonea ni ukindu uleule uliochanwa mwembamba, nao uwe na unyevu kidogo.

Shazia, ile sindano ya mikeka, ipite kwenye vitanzi vya ukingo, kimoja cha huku na kimoja cha huku, bila kuruka. Vuta mpaka kingo zigusane tu. Wanaovuta kwa nguvu hupata mshono ulioinuka kama kovu, na huo ndio unaokatika wa kwanza mtu akikalia.

Hapa ndipo penye usanii wake. Tazama kipande cha tatu na cha nne: ule mstari mweusi unaopanda na kushuka haukatiki kwenye mshono, unavuka. Wengi husuka ukili mzuri, kisha wakashona ovyo ovyo, kila kipande kikaongea peke yake. Yeye alilaza vipande viwili sakafuni, akasogeza kimoja ukindu mmoja mmoja mpaka ncha nyeusi ikakutana na mwenzake, akashikiza mahali patatu, juu, kati na chini, ndipo akaanza. Ukikosea ukindu mmoja tu mwanzoni, ukifika mwisho mstari unachechemea. Mara ngapi alifumua kipande kizima kwa ajili ya hilo, na wanawe wakimwambia hakuna atakayeona!

Mwaka aliozaliwa hakuna aliyeuandika. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta na watoto wanne, na yeye alimkumbuka vizuri Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar. Watoto walifika saba, wajukuu ndio nyinyi. Sare za shule zilitoka kwenye ukili, na kila binti aliyeolewa alitandikiwa mkeka wake, hakuna aliyepewa nakshi ya mwenzake. Wako aliuanza mwisho kwa sababu nawe ulichelewa kuolewa, usinune.

Ukishamaliza, pinda zile wanda mbili kwa ndani, ushone taraza, ule ukanda wa pindoni, kuzunguka mkeka. Kisha sugua mishono kwa kitako cha chupa mpaka ilale. Mkeka uviringwe, usikunjwe. Mkunjo hukata ukindu. Huku kwetu adui ni ukungu, kwenu ni ule ubaridi wa mashine, kwa hiyo uupangusie kitambaa kibichi mara mojamoja.

Shazia yake imo ndani ya bahasha hii, nimeichomeka kwenye kipande cha kanga. Ncha imepinda kidogo kushoto. Usiinyooshe, aliipinda makusudi ili isitoboe ukindu wa chini.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Makunduchi