Kwa Nini Hesabu ya Pleya Yako Hailingani na Ripoti Yetu

Wateja wetu wenye nyumba za wageni hapa Lamu na kule Shela wametuuliza mbona pleya (kicheza video) iliyo kwenye tovuti huonyesha kwamba video imetazamwa mara nyingi, ilhali ripoti ya mwezi tunayoivuta kupitia API ya seva (njia ambayo programu huombea data kutoka kwa seva) huleta idadi ndogo zaidi. Hakuna aliyepunjwa. Mara nyingi chanzo ni programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya nyongeza, zilizopachikwa kwenye pleya.

Katika kivinjari, video hutoa ishara kila inapoanza kucheza, wala si mara ya kwanza pekee. Kwa hiyo mgeni akiisimamisha video yako ya jahazi ili apokee simu, kisha akaiendeleza, ishara hutoka tena. Programu-jalizi iliyoundwa kwa uangalifu hutambua kwamba mtazamaji ni yule yule, lakini isiyo makini humhesabu mara mbili, na zikiwekwa mbili pamoja, ya takwimu na ya matangazo, huenda kila moja ikapeleka hesabu yake. Ile inayoirudisha video mwanzo kila inapomalizika ndiyo inayotusumbua kuliko zote, kwani yaweza kuhesabu kila mzunguko hata kama mwenye simu ameshaondoka kwenda kuswali.

Kinyume chake pia hutokea, pale kizuizi cha matangazo, yaani programu ya kuyazuia matangazo kwenye kivinjari, kinapoikatiza ishara isifike kokote.

Lipo pia suala la saa. Seva yetu hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo siku yake hubadilika saa tisa za usiku wetu, na anayetazama saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi huandikwa katika Februari. Jambo hili lisiwe geni kwetu, ambao usiku wa Ijumaa huuanza Alhamisi magharibi.

Ukiona tofauti, tafadhali tutumie anwani ya ukurasa, tarehe na saa, picha ya hesabu zote mbili, pamoja na majina na matoleo ya programu-jalizi ulizoweka. Tutazizima moja baada ya nyingine kwenye nakala ya tovuti yako, tuicheze video mara moja, na kuhesabu ishara zinazotoka. Hadi tumalize, usisasishe chochote, kwa maana toleo jipya laweza kuifuta hitilafu tunayoitafuta na kuziacha hesabu za nyuma zikiwa na kasoro ile ile.