Mgeni wa siku mbili si mpangaji, KRA itufafanulie

Mhariri,

Nina nyumba ya vyumba viwili huku Bamburi, aliniachia marehemu mume wangu, na tangu mwaka juzi nalaza wageni, wengine wanakuja na Airbnb, ule mtandao wa kutafuta nyumba za wageni, wengine wananipigia tu simu. Ushuru nataka kuwalipa KRA, mamlaka ya ushuru, hilo liwe wazi. Shida yangu ni nalipa upi.

Nilipoanza nilienda saiba, duka la intaneti, na karatasi zangu, kijana akaniuliza "mama unapangisha?" nikasema eeh, basi akanijazia kwenye iTax, tovuti ya KRA, ule ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5 kila mwezi, ule uliokuwa 10 ukashushwa Januari 2024. Nikawa nalipa kabla ya tarehe 20 bila kukosa. Sasa huo hauangalii umetumia ngapi, unapigwa kwa pesa yote iliyoingia. Desemba nililaza wageni usiku 18 kwa 3,500, hizo ni 63,000, ushuru 4,725, na hapo sijatoa tokeni za stima maana AC inawashwa asubuhi mpaka asubuhi, sijatoa gesi, wifi, dada wa kufua mashuka na kile Airbnb wanakata.

Juzi jirani yangu ambaye pia ana BnB, nyumba ya wageni wa siku chache kama yangu, akaniambia mama fulani umeingizwa kwenye boksi siyo, hiyo ni ya mpangaji anayekaa na watoto wake, wewe unafanya biashara kama hoteli. Na ukifikiria ni kweli, mpangaji simtandikii kitanda wala simpokei saa nane usiku na ufunguo mkononi. Kama ni biashara hesabu inageuka kabisa: mauzo ya mwaka yakipita milioni moja ni tanova taksi, ushuru wa mauzo, asilimia 3, yakifika milioni 5 VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, inaingia, na yakiwa chini ya milioni unafaili ritani (taarifa ya mapato) ya mwaka kabla ya Juni kuisha ukishatoa gharama zako. Mimi kwa mwaka naingiza kama 420,000. Kwa njia ya saiba nalipa 31,500. Kwa hii nyingine nikitoa gharama kama 260,000 nabaki na 160,000, sina mapato mengine, hata 24,000 kwa mwezi, ambapo ushuru unaanzia, haifiki, kwa hivyo ushuru hakuna. 31,500 ni karo ya mtoto jamani!

Na kuna asilimia 2 ya Mfuko wa Utalii, na usajili, maana baada ya wale wasichana kuuawa kwenye BnB Nairobi Januari 2024 serikali ilisema tusajiliwe sote. Ni sawa kabisa, nami nataka wageni wangu wawe salama. Lakini wenzangu wengi wanajificha kwa sababu hawajui wakijitokeza watadaiwa nini na kuanzia lini, na anayejitokeza ndo anabebeshwa.

Naomba gazeti lako limtafute mtu wa KRA atujibu hapa hapa, kwa Kiswahili, na mfano wa hesabu: mwenye nyumba moja, mgeni wa siku mbili tatu, anajaza wapi? Na kama nilijaziwa pasipo pangu, hizo nilizolipa zitarudishwa au zinakatwa kwa ritani ya mwaka huu? Risiti zote ninazo kwenye faili.

Mama wa Bamburi,
Mombasa