Vitanda Viwili vya Pate

Mombasa, 14 Juni

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na baada ya kufurahia habari za nyumbani nimekwama pale unaposema kwamba Al-Inkishafi ni ushairi, ilhali Utendi wa Mwana Kupona ni mawaidha yaliyotiwa vina. Nimezisoma tena tungo zote mbili kwa sauti, na sikubaliani nawe, ingawa nakiri kwamba hukusema bila sababu.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akiyatazama magofu ya mji wa Pate, katika kisiwa cha Pate. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa kisiwa hichohicho na mke wa Sheikh Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa ameshikwa na maradhi, kumwusia binti yake. Wote wawili wanatumia nidaa, yaani kumwita anayesemeshwa, lakini Sayyid anauita moyo wake mwenyewe na kuusaili maswali ya balagha yasiyojibiwa, na Mwana Kupona anamwita mwanawe aje akae karibu, na wino na karatasi. Kwa hiyo huku yametawala maswali, na kule zimetawala amri. Nadhani amri hizo ndizo zilizokuchosha, nami pia kuna beti ninazozipita haraka.

Sasa tazama kitanda, kwa kuwa kimo katika tungo zote mbili. Sayyid anaingia katika majumba yaliyohamwa, ambamo madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, na humo anasema: “Zitanda matandu walitandiye.” Buibui wametanda vitandani. Sauti “tand” imerudi mara tatu katika mshororo mmoja, hata ulimi wenyewe unahisi kunaswa na utando. Mwana Kupona naye anamfundisha binti namna ya kumtunza mume aliyelala:

Mwegeme umpapase
Na upepo asikose
Mtu wa kumpepea.

Hesabu hizo “p”, shoga yangu, kisha uzitamke polepole. Mimi nasikia pepeo la ukili likienda na kurudi. Mbinu ni ileile ya takriri, yaani kurudiarudia sauti, lakini mmoja ameitumia kukionyesha kitanda kisicho na mtu, na mwenzake kukionyesha kitanda chenye mtu anayepumua. Je, mawaidha matupu yangejali mdomo wa msomaji kiasi hicho?

Mizani nayo inasaidia. Mshororo wa Sayyid una mizani, yaani silabi, 11, na pumzi inakatika baada ya ya sita, hivyo unakwenda kwa kishindo kizito cha mtu anayetembea makaburini. Wa Mwana Kupona ni wa mizani 8 tu, mwepesi wa kuhifadhiwa na msichana aliye jikoni. Vina vya mwisho vinafanana kwa kazi: Sayyid anafunga kila ubeti kwa “-ye”, na Mwana Kupona kwa “-a”.

Kwa taswira nakuachia ushindi, maana lile bundi linalokoroma katikati ya nyumba sijaona mfano wake kwa Mwana Kupona. Kwa sauti, hapana. Utakapokuja Idi tutausoma ule ubeti wa Mwana Kupona wa kitanda mbele ya mama, ambaye anaujua kwa moyo, na yeye ndiye atakayetuamua.

Wasalimie wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mombasa