Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: daftari la lindo likaguliwe

Ndugu Kamishna,

Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu daftari la matukio, lile linalokaa mezani kwenye kibanda cha geti, kwa sababu ndilo pekee linaloeleza ukweli wa kazi yetu.

Katika daftari la lindo langu, mwandiko wangu unaonyesha kwamba napokea zamu saa 12 jioni na kuikabidhi saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, na kwamba mwenzangu asipotokea naunganisha hadi jioni. Hizo ni saa 72, bila kuhesabu za kuunganisha, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Wiki ya pili inapoisha, tumekwisha kuzivuka hizo 50. Hata hivyo hati yangu ya mshahara haina malipo ya saa za ziada, wala nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku.

Makato, kinyume chake, hayakosekani. Mwaka jana pampu ya maji iliibwa lindoni nikakatwa mshahara miezi mitatu, na hakuna aliyeniita kuniuliza usiku ule nilikuwa upande gani wa uzio, ingawa sheria inataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza kwanza, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ukaguzi ninaoufahamu ulifanyika mchana, ofisini, kwenye mafaili. Daftari likijaa, msimamizi hulichukua na hatulioni tena, hivyo mlinzi anayepeleka mgogoro wake wa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hana cha kuonyesha.

Maafisa Kazi wana uwezo kisheria wa kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa na kukagua kumbukumbu. Nakuomba uwatume malindoni saa 8 usiku, walinganishe daftari na orodha ya mishahara ya mwezi huohuo, na uagize kwamba madaftari yaliyojaa yatunzwe na mlinzi apewe nakala ya kurasa zake anapoziomba.

Wako katika kazi,
Mlinzi wa zamu ya usiku, Dar es Salaam